Usonji Kitui na Makueni: Kipaumbele cha Siasa au Kazi ya Kliniki?

Tarehe 22 Septemba 2025, Rais Donald Trump alisimama katika Ikulu ya Marekani akawaonya wajawazito waache kumeza Tylenol, akidai kwamba dawa hiyo inahusiana na usonji. Tylenol ni jina la biashara tu. Dawa yenyewe ni parasetamoli, ile ambayo watu wengi wa Ukambani, eneo la Kenya lenye kaunti za Kitui na Makueni, huiita Panadol hata pakiti ikiwa na jina lingine, na ambayo huuzwa madukani kuanzia Mtito Andei hadi Tseikuru. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) likaeleza kwamba hakuna ushahidi wa kukata shauri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu watoto karibu milioni 2.5 wa Uswidi ulikuwa tayari umelinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja ambaye mama alimeza dawa hiyo alipokuwa na mimba yake na mwingine ambaye mama hakumeza, na tofauti haikuonekana.

Lakini kauli ya rais hufika mbali kuliko jarida la madaktari. Kilichobaki vichwani mwa watu si hofu ya Panadol peke yake. Ni swali pia: ikiwa dola kubwa imeufanya usonji kuwa jambo la ikulu, je, huku kwetu unastahili kuwa ajenda ya magavana, maseneta na madiwani? Wapo wanaojibu ndiyo bila kusita, na wapo wanaoona ni anasa kuzungumzia usonji mahali ambapo mama hutembea nusu siku kutafuta maji. Majibu yote mawili yana hoja ndani yake, na yote mawili yanaruka jambo la msingi, yaani njia anayopita mtoto kutoka kliniki hadi darasani na mahali njia hiyo inapokatika.

Jina jipya, watoto wa zamani

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Huonekana katika namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, na katika mwenendo wa kurudiarudia jambo au kushikilia utaratibu mmoja bila kukubali mabadiliko. Daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 huko Marekani, lakini watoto wenyewe walikuwako karne nyingi kabla yake. Mmoja hasemi kabisa. Mwingine husema sana, ila kuhusu jambo moja tu. Mmoja huziba masikio pikipiki ikipita. Mwingine hageuki akiitwa jina, ingawa husikia karatasi ya peremende ikifunguliwa chumba cha pili. Baadhi yao wana kifafa pia, au ulemavu wa akili, na wengine wana akili kali kuliko walimu wao.

Neno usonji limeenea katika Kiswahili miaka ya karibuni tu. Kabla yake mtoto wa aina hii aliitwa bubu, mtukutu, au aliyedekezwa, na lawama ya jina la mwisho ilimwangukia mama. Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliwauliza wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa wanaona nini kama chanzo cha usonji. Walitaja mapepo, uchawi na laana, na katika mazungumzo hayo hayo wakataja matatizo ya uzazi, maambukizi na urithi. Anayedhani hayo ni mambo ya pwani hajakaa Ukambani. Neno uoi, yaani uchawi, lingali na uzito Kitui na Makueni, na mundu mue, yaani mganga, bado hutafutwa. Pembeni yake limesimama kanisa la maombezi, ambako mtoto huombewa mpaka saa nane usiku.

Si haki kumcheka mzazi kwa hilo. Mganga na mchungaji humpa jibu siku hiyo hiyo aliyokwenda. Zahanati humwambia asubiri, kwa kuwa watoto wengine huchelewa kusema.

Hesabu ya kukisia

Sensa ya 2019 iliwauliza Wakenya wa miaka mitano na zaidi kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza na kuwasiliana. Kitaifa, asilimia 2.2 walihesabiwa kuwa na ulemavu. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoongoza, ikiwa na asilimia 4 hivi. Usonji haukuwa na swali lake. Mtoto mwenye usonji aliweza kuingia chini ya kuwasiliana, au chini ya kukumbuka, au asiingie popote kwa sababu aliyejibu maswali aliona anakimbia vizuri tu.

Kwa kuwa sensa haikuuliza, hubaki makisio. WHO hukadiria kwamba ulimwenguni mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Tukichukua kiwango hicho kama fimbo ya kupimia tu, Kitui yenye watu 1,136,187 kwa sensa hiyo ingekuwa na takribani 8,900, na Makueni yenye watu 987,653 ingekuwa na 7,800 hivi. Ukigawa kwa wadi, 40 za Kitui na 30 za Makueni, unapata watu zaidi ya 200 kwa kila wadi. Katika kijiji cha watu 500 wanakuwa wanne. Kumbuka tofauti hiyo, wanne kijijini na mamia wadini, kwa maana itaeleza baadaye kwa nini jambo hili halijitokezi kwenye mikutano.

Mpaka unaopita katikati ya mtoto

Wengi wanaobishana kuhusu usonji na siasa hutazama fedha. Ni kweli fedha ni haba, lakini kizingiti kikubwa zaidi kimeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya taifa na kaunti.

Tufuate njia ya mtoto mmoja wa Kathonzweni, wa kubuni lakini wa kawaida. Anafikisha miezi 18, na mama anampeleka zahanati kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Zahanati ni ya kaunti. Akifika miaka minne anaanza chekechea; mwalimu ameajiriwa na kaunti. Mwalimu huyo akigundua kwamba mtoto hachezi na wenzake wala hatazami kinachoonyeshwa, anapaswa kumwelekeza kwenye kituo cha kutathmini watoto, EARC. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, navyo viko chini ya Wizara ya Elimu, serikali ya taifa. Familia ikitaka mtoto aandikishwe kama mwenye ulemavu, kwanza lazima akaguliwe na jopo la wataalamu wa hospitali, na hospitali ni ya kaunti. Kadi yenyewe hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na darasa maalumu analotarajiwa kuingia katika shule ya msingi ni la serikali ya taifa, kwa kuwa Jedwali la Nne limeiachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, likaiachia Nairobi shule za msingi na elimu maalumu.

Mtoto huyu amevuka mpaka wa serikali mara tatu kabla hajafundishwa kushika kalamu. Kila anapovuka, faili yake hubaki nyuma. Muuguzi hajui kama mtoto aliyemtilia shaka alifika EARC. Ofisa wa EARC hajui nani anakuja mwaka ujao, hivyo hawezi kudai darasa jipya. Mwakilishi wadi akiulizwa na mzazi, hujibu kwamba elimu maalumu si kazi ya kaunti. Mbunge akiulizwa, husema hospitali ziligatuliwa. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ubaya wa mambo ulipo: mtoto amekosa huduma na hakuna aliyevunja sheria.

Upana wa ardhi huongeza uzito. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kutoka Tseikuru hadi hospitali ya rufaa mjini Kitui ni zaidi ya kilomita mia moja, na mtoto anayepiga mayowe ndani ya matatu kwa sababu ya kelele na msongamano hapelekwi mara mbili. Utaratibu unaomtaka mzazi aende leo kwa fomu, wiki ijayo kwa jopo na mwezi ujao kwa muhuri ni utaratibu uliokwisha kumkataa.

Wanaotaka usonji utajwe kwa jina

Kundi la kwanza linasema bila jina hakuna bajeti. Lina mifano. Marekani ilipitisha sheria mahususi ya usonji mwaka 2006, na Uingereza mwaka 2009 kwa ajili ya England, zote baada ya shinikizo la wazazi na mashirika yao. Hapa Kenya, Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa mwaka 2003, na mwaka huo huo Shule ya Msingi ya City iliyoko Ngara, Nairobi, ikaanza kupokea watoto wenye usonji ndani ya shule ya umma. Kazi hiyo ilisukumwa na wazazi.

Mfano wao wenye nguvu zaidi, ingawa hawautumii vya kutosha, ni ualbino. Baada ya Isaac Mwaura kuingia Bunge mwaka 2013, akiwa mbunge wa kwanza mwenye ualbino nchini, ualbino ulipata msemaji pale pesa zinapogawanywa. Mafuta ya kukinga ngozi na jua yakaendelea kutengewa fedha za umma, na sensa ya 2019 ikawahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza: 9,729. Kundi dogo kuliko makisio ya usonji kwa kaunti hizi mbili lilipata mstari wake katika sensa ya taifa. Nani atasema kutajwa kwa jina hakuna faida?

Hata hivyo ualbino huonekana mtoto anapozaliwa, na hitaji lake kubwa la kiafya linaweza kununuliwa, kuwekwa kwenye katoni na kusafirishwa hadi Mutomo au Makindu. Usonji hauonekani siku ya kuzaliwa, na mtoto mwenye usonji anachohitaji ni watu: wa kumfundisha mawasiliano, wa kumzoesha kuvaa, kula na kwenda msalani, na mwalimu anayejua kwa nini mtoto amejificha chini ya dawati. Watu hawanunuliwi kwa zabuni. Huajiriwa, wakafundishwa, wakabakishwa kazini miaka mingi, na siasa ya miaka mitano mitano haipendi matumizi ya namna hiyo kwa sababu hayana utepe wa kukata.

Kuna hatari nyingine, ya kipaumbele kutegemea nyumba moja. Bangladesh ilipata sifa duniani kwa jambo hili: Saima Wazed, binti wa Waziri Mkuu Sheikh Hasina, aliufanya usonji kuwa ajenda, mkutano mkubwa ukafanyika Dhaka Julai 2011, na sheria ikapitishwa mwaka 2013. Agosti 2024 Hasina akaangushwa. Julai 2025 binti yake, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa WHO wa Kusini-Mashariki mwa Asia, akapewa likizo kazini. Ukambani hatuhitaji kwenda Dhaka kulijua hilo. Kila gavana mpya huja na mradi wake, na ule wa mtangulizi wake hupigwa na jua.

Wanaotaka mlango mmoja wa ulemavu wote

Kundi la pili linasema kila hali ikidai kipaumbele chake, wenye sauti watapata na wasio na sauti watakosa. Familia za usonji zinazosikika mara nyingi ni za mjini, zenye bima na simu nzuri. Nani atamsemea mtoto wa Ikutha mwenye mtindio wa ubongo, aliyelala mkekani miaka saba? Au mwenye kifafa, ambaye dawa yake ni ya bei ya chini na ingebadilisha maisha yake mwezi huu?

Hoja hii ina msingi wa kisheria. Ibara ya 54 ya Katiba inawataja watu wenye ulemavu wote. Mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyopelekwa Seneti na Crystal Asige, ilichukua nafasi ya ile ya 2003. Ipo pia ruzuku ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa.

Udhaifu wake huonekana vitu vinapoanza kugawanywa. Katika siasa zetu, ulemavu ni kiti cha magurudumu. Mwanasiasa hukisukuma mbele ya kamera, na kwa kweli anayekipata husaidika. Lakini mtoto mwenye usonji anatembea, tena anapanda mwembe kuliko ndugu zake. Akifika kwenye foleni ya usajili, swali la kwanza kwa mama ni ulemavu wake uko wapi. Ruzuku ya ulemavu mkubwa imefungwa na sharti la kuhitaji uangalizi wakati wote. Mama anayemfunga mlango mtoto asikimbilie barabara kuu ya Mombasa anatoa uangalizi huo usiku na mchana, ila si rahisi kuuthibitisha kwenye fomu. Mlango ukiwa mmoja, wanaoingia kwanza ni wale ambao ulemavu wao unaonekana kutoka mbali.

Maji kwanza?

Kundi la tatu ndilo kubwa, na hoja yake husemwa kwa sauti ya chini kwa sababu wasemaji wake wanaogopa kuonekana hawana huruma. Siasa za Wakamba zimejengwa juu ya ardhi, mifugo na maji. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu kwenda Nairobi kupinga serikali ya kikoloni kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu. Leo Bwawa la Thwake, linalohusu kaunti zote mbili na ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, ndilo kipimo cha magavana, maseneta na marais. Msimu wa mvua ukikosa, kaunti hutafuta chakula na maji ya malori. Ni kiongozi gani atasimama Nuu au Kibwezi, watu wakiwa na mitungi mitupu, aanze kueleza usonji?

Hoja hii ni nzito na haipaswi kujibiwa kwa kaulimbiu. Ila ina kasoro mbili. Ya kwanza: inachukulia kwamba afya hushindana na maji kwa shilingi ile ile. Makueni yenyewe ilionyesha vinginevyo. Mwaka 2016 Gavana Kivutha Kibwana alianzisha MakueniCare, ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Ukame haukuwa umekwisha mwaka huo. Afya ilipata nafasi kwa sababu mtu aliamua ipate.

Ya pili ni ya ndani zaidi, nayo inahusu ule ule utaratibu unaosifiwa, na kwa haki, wa wananchi wa Makueni kushiriki kupanga bajeti kuanzia kijijini. Kijiji kikikaa chini ya mti kuorodhesha mahitaji, kisima hushinda kila mara kwa kuwa kila mtu hunywa maji. Familia nne zenye watoto wa usonji haziwezi kushinda kura hiyo. Huenda hata hazijafika, maana mtoto hakai kimya mkutanoni na hakuna wa kumwachia. Jambo hilo hilo likipelekwa ngazi ya wadi lina watu zaidi ya mia mbili, na ngazi ya kaunti maelfu. Kwa hiyo ushirikishwaji wa kijiji kwa kijiji, kwa uzuri wake wote, hufuta mahitaji yaliyotawanyika. Hufuta usonji, hufuta himofilia, hufuta selimundu. Tatizo hapa si ukosefu wa huruma kijijini. Mahitaji ya namna hii yanahesabiwa katika ngazi isiyo yake.

Wanaotaka siasa ikae mbali

Kundi la nne ni la baadhi ya wataalamu, na tangu Septemba 2025 limepata nguvu. Wanasema: tazameni Marekani, siasa ilipoingia, sayansi ikatoka. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 jarida la Lancet liliifuta makala hiyo baada ya kubainika udanganyifu. Uongo huo haukufa. Wanasiasa waliuokota.

Wanajiunga nao, kwa sababu nyingine, baadhi ya watu wazima wenye usonji, wanaosema kampeni za kisiasa huwafanya waonekane kama janga la kumalizwa, wakati wanachotaka ni shule, kazi na heshima. Wakenya wanakumbuka jinsi Rais Moi alivyotangaza UKIMWI janga la kitaifa Novemba 1999, na tangazo hilo lilisaidia kufungua fedha. Usonji si virusi. Ukiuita janga, swali linalofuata ni nani aliyeuleta, na jibu litamrudia mama: chanjo aliyokubali, Panadol aliyomeza, au laana ya ukoo wa mumewe.

Kwetu uongo wa chanjo una madhara ya pekee. Miezi 18, wakati wa chanjo ya pili ya surua, ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana kwa jicho lililofunzwa. Mama anayekwepa kliniki kwa kuogopa usonji anakwepa siku ile ile ambayo muuguzi angeweza kuutambua. Na hata bila uongo huo, wanaorudi kwa dozi ya pili ni wachache kuliko waliokuja kwa ya kwanza.

Hata hivyo, kusema siasa ikae mbali kabisa ni kujidanganya. Wataalamu hawaajiri, bunge la kaunti ndilo hupitisha mishahara. Wataalamu hawawezi kuziba mpaka wa Jedwali la Nne. Ibara ya 187 inaruhusu serikali mbili kuhamishiana kazi kwa makubaliano, na Ibara ya 189 inazitaka zishirikiane, lakini anayetia saini ni gavana na waziri.

Mizani ikisimamishwa

Kwa maoni yangu, kundi la kwanza lina haki kuhusu jina, la pili kuhusu mlango, la tatu kuhusu ufinyu wa mfuko, na la nne kuhusu jukwaa. Usonji usipandishwe jukwaani kama janga, wala usijengewe kituo kimoja cha kifahari mjini Wote au Kitui, kitakachofaa wenye nauli. Uwekwe kuwa kipimo cha huduma nzima ya ukuaji wa mtoto. Sababu yangu ni hii: kati ya hali zote za utotoni, usonji ni mgumu zaidi kuonekana. Sura ya mtoto ni nzuri, miguu ni mizima, masikio ni mazima. Zahanati iliyofunzwa kumwona huyu, itakuwa imemwona njiani asiyesikia, mwenye kifafa, mwenye mtindio na aliyechelewa kwa sababu ya utapiamlo. Maswali ambayo muuguzi huuliza ni yale yale: anageuka akiitwa? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Ametamka nini? Kijitabu cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Mara nyingi foleni ndefu huulazimisha ufungwe haraka. Kinachokosekana ni dakika tano na mtu aliyeambiwa afanye nini jibu likiwa hapana.

Gharama yake si ya kutisha. WHO ina mwongozo wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutambua na kusaidia matatizo ya akili na ukuaji, unaoitwa mhGAP. Makueni imekwisha kuutumia: taasisi ya utafiti ya afya ya akili iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei iliwafunza wauguzi, wahudumu wa jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa makanisa kutambua sonona na kuwapeleka watu hospitalini. Waliokuwa wakitazamwa kama wapinzani wa zahanati wakawa wapelekaji wagonjwa. Hakuna sababu mchungaji aliyeweza kujifunza dalili za sonona ashindwe kujifunza kwamba mtoto wa miaka miwili asiyenyoosha kidole apelekwe kliniki kesho, hata kama maombi yataendelea. WHO ina pia mafunzo kwa walezi wenyewe, ya kumsaidia mtoto kupitia shughuli za nyumbani. Yamejaribiwa Kenya na Ethiopia. Ukambani kuna mwethya, desturi ya kufanya kazi kwa zamu katika mashamba ya wenzako, iliyochimba matuta ya milima ya Mbooni na Kilungu. Kikundi cha wazazi wanaopokezana watoto siku mbili kwa wiki, ili mmoja apate kwenda sokoni, hakihitaji kuelezwa upya Ukambani.

Yapo ya kupoteza katika uamuzi huu, nami sitayaficha. Ukichagua utambuzi wa mapema, watu wazima wenye usonji, ambao sasa wana miaka 25 na hawajasoma, hawapati mengi. Tena, ukitambua watoto mia moja na darasa la Wizara lina nafasi kumi, umewaongezea wazazi tisini uchungu wenye jina. Ndiyo maana saini ya makubaliano kati ya kaunti na Wizara ya Elimu ina thamani kuliko siku nzima ya fulana za buluu kila tarehe 2 Aprili.

Kalenda ya bajeti ya kaunti inajulikana. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Uchaguzi ni Agosti 2027, na mpango wa maendeleo wa miaka mitano unaokwisha mwaka huo utafuatwa na mwingine. Wazazi wa Mwingi na wa Emali wakienda kijijini watashindwa na kisima, na kisima kinastahili kushinda. Waende kwenye kamati ya afya ya bunge la kaunti, wakiwa wa wadi zote, na waombe mambo ya kuchosha: nafasi za wataalamu wa matamshi na wa stadi za kila siku katika hospitali za kaunti ndogo, jopo la ukaguzi linaloifuata familia Kyuso na Mtito Andei badala ya kuingojea makao makuu, na siku ya mafunzo kwa walimu wa chekechea.

Na waombe namba tatu kila mwaka: watoto wangapi wa miezi 18 waliulizwa yale maswali, wangapi walielekezwa mbele, wangapi walifika. Mbili za kwanza kaunti inaweza kuzitoa peke yake. Ya tatu iko ng'ambo ya mpaka. Mtu mmoja tu tayari amesimama pande zote mbili: mhudumu wa afya ya jamii, ambaye tangu mpango wa wahudumu 100,000 uzinduliwe Septemba 2023, posho yake ya shilingi 5,000 hugawanywa nusu kwa nusu, 2,500 za kaunti na 2,500 za taifa. Faili ya mtoto wa Kathonzweni inaweza kuanza kwa kuwekwa ndani ya mkoba wake.